Mama Tofali na Safu ya Njano

Ulikuwa mwaka wa sabini na nane. Hapana, nimekosea, ulikuwa wa sabini na tisa, maana sabini na nane banda la tangi lilikuwa bado halijaezekwa, na mvua ikianza tulikuwa tunafunga kazi kwa sababu matone yalikuwa yanaharibu mawimbi. Siku ninayotaka kuisimulia mvua ilinyesha na kazi ikaendelea. Basi ni sabini na tisa. Mke wangu angekuwa hai angenisahihisha kabla sijamaliza sentensi, na juu yake angenitajia na siku ya wiki.

Ninayemsimulia ni dada yake mke wangu, aliyemwachia ziwa. Kwangu mimi ni shemeji, na mashemeji sisi tulitaniana mpaka watu wasiotujua walidhani tunagombana. Kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Tofali, hata karani wa ajira, hata mhandisi mkuu mwenyewe aliyekuwa hacheki na mtu.

Mimi nilikuwa mtunza stoo katika idara iliyokuwa inajenga kuta za bandari, zile kuta za kuvunja mawimbi ili meli zikae salama nyuma yake. Nyuma ya ofisi kulikuwa na banda refu, na ndani ya banda kulikuwa na tangi la zege, upana wake mita moja, urefu wake mita thelathini, lenye dirisha la kioo ubavuni. Mwisho mmoja kulikuwa na ubao wa chuma uliosukumwa na mota, unaenda mbele na kurudi nyuma, unatengeneza mawimbi. Mwisho wa pili ndipo ulipojengwa ukuta mdogo, mfano wa ule utakaojengwa baharini, mara thelathini na sita mdogo. Unaupiga mawimbi madogo siku nzima unatazama. Ukibomoka, umebomoka tangini, hakuna aliyezama. Mimi mwanzoni niliona kama mchezo wa watoto ambao wazee wanalipwa kuucheza, na nililisema hilo kwa sauti, na shemeji hakunisamehe mpaka alipozeeka.

Yeye ndiye aliyekuwa anatengeneza vitofali. Ukuta wa baharini hufunikwa kwa matofali ya zege ya tani nane nane, na ukiyafanya madogo mara thelathini na sita kila upande unapata kitofali cha gramu mia na sabini, kama kipande cha sabuni ya kufulia kilichotumika nusu. Shemeji alichekecha mchanga, akachanganya saruji, akamimina kwenye vibao vya kufyatulia, akavianika vitofali, kisha akaja navyo stoo kwangu kuvipima kimoja kimoja kwenye mizani. Kilichozidi au kupungua gramu tano alikitupa. Njia ya kwenda chooni yote ilipambwa kando kwa vitofali vilivyofeli. Vilivyofaulu vilikuwa elfu moja na mia mbili, akavipaka rangi: bluu vya chini kabisa, vyeupe vinavyofuata, vya njano vya pale usawa wa maji wimbi linapopiga hasa, na vyekundu vya juu. Hivyo maji yakishachafuka, hata mtu wa mbali anaona nani kahama kwao.

Alikuwa mtu wa mpangilio kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Nyumbani kwake vikombe vyote vilitazama dirishani, masikio upande mmoja. Mke wangu alikuwa anasema, "Dada akipata nafasi atawapanga mstari hata sisimizi." Na sisimizi, nyinyi mnajua, tayari wanakwenda mstari.

Alikuwa kibarua. Kila baada ya miezi mitatu mkataba wake uliisha, naye alikwenda kupanga foleni kwenye dirisha la karani wa ajira kama mtu aliyeshuka leo kutoka safari. Karani alikuwa anamuuliza, bila kuinua kichwa, "Una ujuzi gani?" Miaka minane. Mara thelathini na mbili ameulizwa ana ujuzi gani, na mtu ambaye kila siku wanakunywa chai benchi moja. Waajiriwa wa kudumu walikuwa na makabati ya chuma ukutani, kila moja na kufuli na namba. Vibarua hawakuwa na kabati. Shemeji aliweka aproni yake na kanda zake ndani ya mfuko mtupu wa saruji, nyuma ya mlango wa stoo yangu, na kila jioni aliukunja mdomo wa ule mfuko mara tatu kana kwamba ni sanduku la dhahabu.

"Siku nikipewa kabati," aliniambia, "sitaweka kitu. Nitalifungua, nitalifunga, basi."

"Na mfuko wangu wa saruji utanirudishia?"

"Wako? Huu nimeulea mimi tangu mchanga."

Sasa mhandisi mkuu alikuwa amemwahidi. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye kutafuna penseli kuliko alivyoziandikia. Mimi ndiye niliyekuwa nazipeleka, kwa hiyo najua. Alimwambia mbele ya watu: "Mama Tofali, ukuta huu ukisimama kwa mawimbi ya mita tano, barua yako ya ajira ya kudumu naisaini mimi mwenyewe." Naye akajibu tu, "Sawa, mhandisi." Lakini siku hiyo alisahau kula.

Nirudi nyuma kidogo, maana nimeruka. Ni lazima niwaambie jinsi alivyonifundisha mawimbi, kwa sababu bila hivyo hamtaelewa alichokuja kukifanya.

Mimi niliamini, kama mtu yeyote, kwamba wimbi ni maji yanayokuja. Unayaona kwa macho, yanatoka kule, yanafika hapa. Siku moja nikiwa nakula chungwa kando ya tangi, nikamwambia, "Nikilitupa hili la pili karibu na mota, litafika kwako kabla sijamaliza hili la kwanza."

"Likifika, nafagia stoo yako wiki nzima," akasema. "Lisipofika, unafagia banda langu."

Nilicheka. Fundi wa mota, mtu mfupi mwenye mafuta mpaka kwenye nyusi, akawasha mashine taratibu, mawimbi madogo madogo. Nikatupa chungwa. Wimbi likaja, likalinyanyua, likalisogeza mbele kidogo, nikafurahi. Likafika mgongoni, likateremka, likarudi nyuma. Wimbi la pili, hivyo hivyo. Juu, mbele, chini, nyuma. Juu, mbele, chini, nyuma. Mawimbi yalipita chini yake yakafika mwisho wa tangi yakafia kwenye mteremko, na chungwa limekaa pale pale linazunguka kama mtu anayetafuta funguo chumbani. Tulihesabu mawimbi mia moja. Chungwa lilikuwa limesogea mkono mmoja tu, tena kwa uvivu.

Nilifagia banda wiki nzima. Fundi wa mota alikuwa akipita ananiambia, "Mzee, chungwa lako limefika?"

Shemeji hakuishia hapo. Alivunja ushanga wake mwenyewe, akazifunika shanga kwa nta ya mshumaa, nyingine zaidi nyingine pungufu, mpaka akapata zilizokuwa haziendi chini wala haziji juu, zinakaa katikati ya maji palepale unapoziacha. Akanisimamisha kwenye dirisha la kioo. Shanga ya karibu na juu ilikuwa inachora duara, kubwa kama kisahani. Ya chini yake duara dogo zaidi. Ya chini yake dogo zaidi. Na ya chini kabisa, karibu na sakafu, imetulia kama haijasikia habari.

"Wimbi halifiki chini," akasema. "Pima kutoka mgongo wa wimbi mpaka mgongo wa mwenzake, chukua nusu. Hapo ndipo habari zake zinapoishia. Chini ya hapo samaki analala."

Kisha akamwambia fundi wa mota aweke mawimbi marefu, yale ya mita nne kutoka mgongo mpaka mgongo. Maji yetu yalikuwa na kina cha nusu mita tu. Ile shanga ya sakafuni, iliyokuwa imelala, ikaamka: ikaanza kwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, bila duara, kama mtu anayefua.

"Umeona? Sasa limegusa chini. Na wimbi likishagusa chini limeingia matatani. Linapunguza mwendo, la nyuma yake linalikaribia, linajikusanya, linarefuka juu. Kina kikizidi kupungua ni kama mtu anayekimbia akajikwaa: miguu imebaki, kichwa kimetangulia. Puu! Hilo ndilo unaloliita wimbi la pwani."

"Na hayo yote nani kakufundisha?"

"Nani anifundishe? Nina macho, na nina miaka minane ya kusubiri saruji ikauke."

Nilipenda kutembea na wimbi moja kando ya tangi. Lile refu, ukitembea kwa haraka linakuacha kidogo, ukikimbia unaliacha wewe. Lile fupi hata mwenda pole analipita. Ndivyo nilivyojua kwamba marefu hukimbia kuliko mafupi, na kwamba dhoruba ikitokea mbali sana baharini, ya kwanza kukufikia ni yale marefu, mazito, siku ambayo kwako hakuna upepo hata wa kutikisa kamba ya nguo. Maji yamebaki kwao. Kilichokuja ni msukumo tu. Niliwahi kumuuliza mhandisi, huo msukumo ukishafia ukutani unakwenda wapi? Akasema unageuka joto. Kesho yake nilitumbukiza mkono pale kwenye mteremko mawimbi yalipokuwa yamefia tangu asubuhi. Baridi kama kawaida. Nikamwambia. Akasema, "Ni kidogo sana, mzee, huwezi kulisikia." Haya. Mambo mengi ya wahandisi ni ya kweli lakini madogo sana huwezi kuyasikia.

Basi siku ya jaribio ikafika, ile ya mvua. Shemeji alikuwa amejenga ukuta kwa siku tisa. Fundi wa mota akapandisha mawimbi: mita mbili, mita tatu, mita nne, mita tano, nataja za baharini, tangini ni za vidole tu. Kila sekunde mbili moja linapiga, maana ukipunguza urefu mara thelathini na sita, muda nao hupungua mara sita, na yale ya baharini ni ya sekunde kumi na mbili. Tulisimama hapo saa nne nzima za ukutani, yaani dhoruba ya siku nzima, usiku na mchana. Povu lilipanda mpaka kwenye vyekundu. Vya njano vilipigwa vikapigwa. Hakikutoka hata kimoja.

Mhandisi akatoa penseli mdomoni. "Barua Jumatatu," akasema.

Vibarua walimpigia makofi. Shemeji alipangusa mikono kwenye aproni, akaja stoo, akasimama nyuma ya mlango akiutazama ule mfuko wa saruji. Sikumtania. Kuna siku hata shemeji hataniwi.

Ijumaa yake tukapandishwa lori, sote wa banda, kwenda kuona kazi yenyewe baharini. Kipande cha kwanza cha ukuta kilikuwa kinaanza kufunikwa kwa majaribio. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kufika. Kulikuwa na kreni kubwa, na juu yake dereva mnene aliyevaa kofia ya manyoya kwenye jua lile. Alikuwa ananyanyua tofali la tani nane kwa mnyororo, analizungusha juu ya maji, analiachia. Gudum. Linagonga mwenzake, linaviringika, linakaa lilivyotaka lenyewe, pembe juu. La pili vivyo hivyo. Kati ya moja na jingine kulikuwa na matundu ya kupita mbwa.

Shemeji akasogea mpaka chini ya kreni. Nilimfuata, nikidhani anataka kuona mnyororo.

"Baba," akamwita dereva, "hivi ndivyo mnavyoyaweka siku zote?"

"Mama, hilo lina tani nane. Unataka nilibembeleze?"

"Hamyalazi? Ubavu kwa ubavu?"

"Chini kuna maji, mama, sioni kitu! Nasikia tu limegonga. Likigonga limefika." Akacheka akaangusha jingine.

Njiani kurudi wenzetu waliimba. Yeye alikuwa amekaa kwenye kona ya lori, viganja juu ya magoti, anavitazama kama vya mtu mwingine.

Tulipofika aliingia stoo, akaomba karai. Akachukua vitofali vya akiba vya njano, akavipanga ndani ya karai mteremko mdogo, haraka haraka, bila kufikiri. Nilishangaa: vilikaa ubavu kwa ubavu, kila kimoja kimeshikwa na wenzake wanne, kama meno mdomoni. Akatikisa karai. Hakuna kilichosogea. Kisha akavimwaga kama mtu anayemwaga viazi, akatikisa tena. Nusu viliporomoka.

"Shemeji," akasema, "ukuta ule haukusimama. Mkono wangu ndio uliosimama."

"Nani alikuambia uvipange?"

"Hakuna. Mchoro unasema tabaka mbili, moja juu ya nyingine. Haukusema nivimwage. Mimi nikiona tofali nalilaza, ndivyo nilivyo. Na nyinyi nyote mlipita hapo siku tisa mkisema, Mama Tofali, kazi safi!"

Ni kweli. Mimi mwenyewe nililisema hilo. Mhandisi alilisema.

Nitakuwa mkweli, maana nimezeeka na sina wa kumwogopa. Nilimwambia anyamaze mpaka Jumatatu jioni. "Chukua barua kwanza," nikasema. "Jumanne utakumbuka." Akakunja mdomo wa mfuko wa saruji mara tatu, akaondoka.

Jumapili alikuja kwetu. Mke wangu alikuwa ameshasikia kwangu. Walikaa jikoni, mimi sebuleni nikijifanya nasoma gazeti.

"Dada," nikamsikia mke wangu, "ukisema, foleni ile itakuwa yako mpaka uzeeke."

"Najua."

"Au hata foleni yenyewe usiipate. Watasema umewaaibisha."

"Najua, mdogo wangu. Lakini nyuma ya ukuta ule watu watafunga mashua zao. Mtu atalala mle ndani ya mashua akijua kuna ukuta." Akaongeza, "Na huyo dereva wa kofia ya manyoya hawezi kupanga kama mimi. Hata angetaka."

"Hilo la mwisho ndilo linalokuuma!"

Wakacheka wote wawili, na mimi nyuma ya gazeti. Mke wangu akapaza sauti: "Na wewe unayesoma gazeti la wiki iliyopita, njoo unywe chai."

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimepeleka penseli ofisini kwa mhandisi, ndiyo maana niliona. Barua ilikuwa juu ya meza, imeshapigwa chapa, imebaki saini. Shemeji akaingia na karai lake. Hakukaa. Akapanga, akatikisa. Akamwaga, akatikisa. Vya njano vikaporomoka mpaka kwenye makaratasi, kimoja kikaikalia ile barua.

Mhandisi alikiondoa kile kitofali juu ya barua. "Umevipanga vyote hivi? Elfu na mia mbili?"

"Vyote."

"Na kreni?"

"Kreni inaangusha. Nimeona kwa macho yangu."

"Mimi nimeona kreni miaka kumi na tano," akasema polepole. Alichukua ile barua, akaitia kwenye droo, akafunga droo. Shemeji aliitazama droo mara moja tu, kisha akaanza kuokota vitofali sakafuni.

Jaribio likarudiwa. Safari hii vitofali vilimwagwa kwa ndoo, na mhandisi alimwomba shemeji asimame nje ya banda wakati vinamwagwa, maana kila kimoja kilichokaa upande alikuwa ananyoosha mkono kukirekebisha, mwenyewe hajui. Fundi wa mota akawasha. Mita mbili vilitulia. Mita tatu vikaanza kutikisika. Ilipofika mita nne, wimbi moja lilipanda, na lilipokuwa linashuka kurudi, maana ni kurudi ndiko kunakovuta, tukaona vya njano vitatu vinaondoka pamoja kama watu wanaoshuka ngazi. Hapo pengo likafunguka. Kila wimbi likachukua vyake. Robo saa haikuisha safu yote ya njano ilikuwa imelala chini miguuni kwa vya bluu, na vyekundu vinaning'inia juu bila sababu.

Yote, isipokuwa kimoja.

Kimoja cha njano kilibaki katikati kabisa, mahali wimbi linapopiga kwa nguvu zote, peke yake, hakina mwenzake kushoto wala kulia. Fundi wa mota akapandisha mpaka mita tano. Kikabaki. Mhandisi akasema, "Ongeza," wakaongeza mpaka mota ikaanza kunuka. Kikabaki. Tulipotoa maji nilipanda juu ya tangi na shemeji kukitazama. Nilidhani kimebanwa. Hakikubanwa na kitu. Shemeji alikinyanyua kwa vidole viwili.

Baada ya hapo zikapita wiki tatu bila mtu kusema lolote. Baharini kreni ilisimamishwa. Mkataba wa shemeji ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, naye alikuwa ameshasafisha vibao vyake vyote na kuvifunga kwa kamba, kama mtu anayemwandalia mgeni chumba. Asubuhi ya siku ya mwisho alikwenda kwenye foleni ya karani.

Wakati huo huo mhandisi akaja stoo. Hakuwahi kuja stoo. Mahitaji yake yalikuwa yanaletwa na karani wake. Akaomba fomu ya kutolea vifaa, akaandika, akanisukumia. Nilisoma: Kufuli moja. Matumizi: kabati namba kumi na nne. Mtumiaji: Mama Tofali, mwajiriwa wa kudumu. Hakuandika jina lake halisi. Nadhani hakulijua.

Nikamtazama. Akatoa penseli mdomoni. "Matofali yatakuwa ya tani kumi na tatu," akasema. "Vitofali vyote vya zamani havifai. Kuna elfu moja na mia mbili vya kumimina upya. Unamjua mwingine wa kuvimimina?"

"Simjui, mhandisi."

"Basi." Akatoka.

Nilichukua kufuli, nikavuka ua. Foleni ilikuwa ndefu, shemeji alikuwa wa sita au wa saba. Nikasimama pembeni kama mtu anayepunga upepo. Nilitaka nimwone anavyoulizwa mara ya mwisho, Mungu anisamehe. Alipofika dirishani karani, bila kuinua kichwa, akasema, "Una ujuzi gani?"

"Wa kumwaga," akasema shemeji.

Nikaliweka lile kufuli kwenye kizingiti cha dirisha, mbele yake. Aliliangalia, akaniangalia mimi, akaangalia funguo mbili zilizofungwa kwa uzi. "Umeliiba?" akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa huruma kabisa, kama mtu aliyekwisha amua kunitetea.

Alifanya kazi pale miaka kumi na minane mingine. Fundi wa mota alimtengenezea kreni ndogo ya waya, ya kuangushia vitofali kimoja kimoja, kwa sababu hata akifumba macho mkono wake ulikuwa unapanga. "Shemeji," alikuwa ananiambia, "kupanga nilizaliwa nako. Kutopanga ndiko kulikonizeesha." Ukuta ulijengwa kwa matofali ya tani kumi na tatu, ukaja ukapigwa na dhoruba mbili ninazozijua mimi, ukasimama na matundu yake ya kupita mbwa. Nilikwenda naye mara nyingi kuketi juu yake baada ya kustaafu, tunatazama mashua zilizotulia upande mmoja na upande wa pili mawimbi marefu yanafika kutoka kusikojulikana, bila upepo, moja baada ya jingine. Alikuwa anayahesabu. Kila mtu alisema la saba ndilo kubwa. Yeye alihesabu miaka yote hiyo, na la saba lilikuwa kubwa mara chache kama la tatu au la tano.

Kabati namba kumi na nne nililiona ndani siku aliyolirudisha. Alikuwa ametimiza neno lake, au karibu. Aproni ilikuwa bado kwenye mfuko wa saruji, nyuma ya mlango wangu. Ndani ya kabati kulikuwa na kitu kimoja tu, katikati ya rafu, sawasawa na kingo: kile kitofali cha njano.

Sasa kiko kwangu, kinazuia mlango wa jikoni. Nimekipima tena; ni gramu mia na sabini, si zaidi. Nilimuuliza yeye. Nilimuuliza fundi wa mota, nikamuuliza dereva wa kofia ya manyoya nilipokutana naye hospitali, na mhandisi mkuu siku ya kuagwa kwake alipostaafu, akatafuna penseli mpaka keki ikaisha. Ikiwa vyote vilimwagwa kwa ndoo moja, na wimbi lililovipiga lilikuwa moja, kwa nini hiki kimoja hakikuondoka na wenzake?